Mbegu Iliyoning'inia Juu ya Meko

Maneno haya niliyasema kanisani kwetu, huku milima ya Usambara, Jumapili ya Sikukuu ya Mavuno. Akina mama waliokuwa nje wakipanga mboga za mnada waliniomba niyaandike, kwa sababu spika ya nje ilikuwa inakatakata. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, ila nimepunguza pale nilipojirudia, maana wazee tuna tabia hiyo.

Bwana Yesu asifiwe!

Baba mchungaji, mwinjilisti wetu, wazee wa kanisa, wanakwaya, na ninyi wageni mliopanda kutoka Mombo asubuhi hii na kona zile zote: karibuni, na poleni kwa waliotapika.

Nimepewa dakika ishirini. Mzee wa zamu ananijua, ndiyo maana ameivua saa yake akaniwekea hapa mbele.

Wengi mnanifahamu kwa kazi. Nilipoajiriwa mwaka 1981 nilikuwa msichana wa miaka 23, na tangu siku ya kwanza watu waliniita bibi shamba. Mzee mwenye mvi kichwa kizima anakuja mbio, "Bibi shamba, njoo uone nyanya zangu zimekuwaje." Nikawa bibi hata kabla sijawa mama. Sasa nimestaafu, serikali imechukua shamba lake, mimi nimebaki na ubibi wangu.

Tazameni meza hii. Kabichi, karoti bado zina udongo, viazi, njegere, plamu, mkungu wa ndizi, mayai kwenye kikapu, na huyu jogoo aliyefungwa miguu ambaye ameitikia "amina" mara mbili kabla yetu. Baba mchungaji aliniomba niseme juu ya imani na bustani. Nikamwambia sawa, lakini nitasema juu ya neno moja tu, neno mbegu, kwa sababu hilo neno tumenyang'anywa na mimi nalitaka lirudi.

Mwaka juzi, mwezi wa pili, watu wakiandaa mashamba ya masika, alikuja kwangu kijana mmoja. Msigeuke kumtafuta, hayupo humu. Alikuwa amevuna nyanya, akazikuta bei mjini ziko juu, akashika hela ambayo hajawahi kuishika. Usiku alikuwa akisikiliza mahubiri kwenye simu. Mhubiri akasema kuna mtu anamwona, kijana, milango yake imefungwa. Apande mbegu usiku huu huu, na ndani ya siku 21 ataona. Namba ya kutumia hela ikapita chini ya kioo. Kijana akatuma. Siku 21 zikaisha. Alipouliza akajibiwa kwamba mbegu yake ni ndogo kwa muujiza mkubwa anaoutaka. Akatuma tena. Mara ya tatu akatuma hela ya kukodi shamba.

Alipofika kwangu alikuwa ameshika kofia mkononi, anaomba nimkopeshe hela ya pakiti moja ya mbegu za nyanya.

Mnaona jambo lenyewe? Mtoto wa watu amepanda mbegu mpaka amekosa mbegu.

Sikumcheka. Nilimpa pakiti niliyokuwa nayo na nikamwambia asinirudishie. Lakini alipoondoka nilikaa barazani nikiwa na hasira, na nilichojiuliza ni hiki: hawa wanaosema "panda mbegu, panda mbegu", wao wenyewe wamewahi kupanda nini? Maana mtu aliyeotesha hata mchicha kwenye debe bovu hawezi kusema hivyo. Siku ya 21 mche wa pilipili hoho una majani mawili matatu, na bado uko kitaluni, umefunikwa kivuli, unamwagiliwa asubuhi na jioni. Utakaa hapo wiki sita mpaka nane kabla hujauhamisha. Ukishauhamisha ndiyo safari inaanza. Anayekuahidi hoho kwa siku 21 anakuuzia hoho za mtu mwingine.

Halafu nikaenda kuusoma upya mfano wa mpanzi, ule tunaoujua mpaka tunausinzia. Mbegu nyingine njiani, nyingine penye miamba, nyingine penye miiba, nyingine penye udongo mzuri. Nimeutafuta mstari unaosema kwamba iliyoangukia njiani ilikuwa ndogo. Haupo. Mbegu ni ile ile, mkono ni ule ule, kilichotofautiana ni udongo. Na Luka anaandika wazi kabisa, Bwana mwenyewe akifafanua: mbegu ni neno la Mungu.

Sasa kama mbegu ni neno la Mungu, mpanzi ni nani? Na sisi ni nani katika hadithi hiyo? Sisi ni udongo, wapendwa. Hii biashara ya kwenye simu imegeuza kila kitu juu chini: mtu amekuwa mpanzi, noti imekuwa mbegu, na Mungu ndiye amefanywa udongo, tumfukie hela tuvune hela.

Najua mtu atanijibu, "Lakini bibi, Paulo ameandika apandaye haba atavuna haba." Ameandika, Wakorintho wa pili, sura ya tisa. Soma na sura ya nane, mwanangu. Paulo alikuwa anachangisha kwa ajili ya maskini wa kanisa la Yerusalemu. Hela zile zilikuwa zinakwenda kununua chakula cha watu wenye njaa ambao Wakorintho hawajawahi hata kuwaona. Wala hakuwawekea siku 21.

Niwaambie mbegu niijuayo mimi.

Mwaka 1974 nilikuwa na miaka 16. Wa umri wangu mnakumbuka njaa ile, na mnaukumbuka unga wa njano, ule tuliouita unga wa yanga. Kwetu tulikuwa watoto saba. Tulikula mara moja kwa siku, na siku nyingine ile mara moja yenyewe ilikuwa mnafu na ndizi changa za kuchemsha. Lakini jikoni kwa mama, juu ya meko, palining'inia mafungu mawili ya mahindi. Yamefungwa kwa maganda yake yenyewe, yamekuwa meusi kwa moshi, maana moshi wadudu hawaupendi. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa na miaka minne. Alikuwa akilala chali jikoni anayatazama, kama sisi tunavyotazama televisheni. Siku moja akauliza:

"Mama, yale mahindi ni ya nani?"

Mama akasema, "Ni ya shamba."

Mtoto akakubali. Alidhani shamba ni mtu fulani, mtu mkubwa, na mahindi yake yametunzwa kwetu.

Baba alishawahi kusema usiku, akidhani tumelala, kwamba fungu moja lishushwe. Mama hakujibu. Kwetu mama asipojibu, hilo ndilo jibu.

Mvua ikanyesha. Mama akapanda juu ya kigoda, akayashusha mafungu yote mawili, akapiga magoti kwenye ungo akaanza kupukuchua. Mnajua mbegu inavyochaguliwa kwenye hindi: punje za nchani ni ndogo, punje za kitakoni zimekaa vibaya, zinachukuliwa za katikati tu, zile zilizojipanga kama meno ya msichana. Tulimzunguka watoto saba, hakuna aliyesema kitu. Za katikati akaziweka kwenye kibuyu. Za nchani na za kitakoni akazikusanya kwenye sufuria, na jioni ile tukala hizo, zimechemshwa na chumvi. Sijala chakula kitamu kama kile mpaka leo, na nimekula hotelini Dodoma kwenye semina za serikali.

Asubuhi nilikwenda naye shamba. Mimi nilichimba vishimo, yeye alitia mbegu, na nilipogeuka nilimwona anajifuta uso kwa pembe ya kanga. Nikadhani ni vumbi. Vumbi gani, na mvua imenyesha usiku kucha?

Zaburi ya 126 inasema, "Wapandao kwa machozi watavuna kwa kelele za furaha." Tunaiimba vizuri, kwaya inaipatia sana sauti ya tatu. Lakini mahubiri mengi niliyoyasikia juu ya mstari huo yalisema machozi ni shida za maisha kwa jumla. Mimi nadhani aliyeandika alikuwa amemwona mtu kama mama yangu. Ukipanda mwaka wa njaa, kinachodondoka kwenye shimo ni chakula. Unakitoa kinywani kwa mtoto anayekitazama, unakifukia kwenye tope. Hukuandikiwa karatasi na mtu yeyote kwamba kitarudi. Mama hakuwa akifanya biashara na Mungu siku ile. Hakutaja gari wala nyumba. Alimkabidhi kile alichokuwa nacho, akafunika kwa mguu, akasogea shimo la pili.

Tulivuna? Tulivuna. Sitawaambia magunia mia ili mpige makofi. Tulivuna ya kutufikisha kwenye msimu mwingine, na mafungu mawili yakarudi juu ya meko.

Sasa kama sisi ni udongo, nataka niseme udongo unatengenezwaje, maana hapo ndipo nilipokula mshahara.

Udongo wa milima hii hauji na rutuba ya bure. Mvua inaufua, mteremko unaubeba, kule chini Mombo wanaupokea na kutushukuru. Kwa hiyo tunatengeneza mboji. Unaweka majani makavu, juu yake mabichi, juu yake samadi, majivu kidogo, udongo kidogo, maji, unarudia hivyo hivyo mpaka ifike kiunoni. Kisha unachukua kijiti kirefu unakichomeka kwa mshazari mpaka katikati ya lundo. Kijiti hicho ndicho daktari. Baada ya siku nne tano unakichomoa na kukishika kwa kiganja. Kikiwa cha moto, ujue huko ndani kazi inaendelea. Kikiwa kikavu na baridi, ongeza maji. Kikinuka vibaya, umezidisha. Baada ya wiki tatu unaligeuza lundo, unafunika tena. Kwa baridi yetu ya hapa mtu asikudanganye, ni miezi mitatu au zaidi. Siku utakayochomoa kijiti ukakuta kimetulia, na ukichota kiganjani unanusa msitu baada ya mvua, mboji imeiva.

Ukikosa subira ukatupia samadi mbichi kwenye miche, utaiunguza. Hili kila mkulima hapa limemtokea mara moja, na mara ya pili ilikuwa kwa kusahau.

Sasa nisikilizeni, nitasema jambo ambalo wengine hawatalipenda. Kuna ushuhuda mbichi. Nilikuwepo kwenye ibada ya jumuiya, miaka mingi iliyopita, akasimama ndugu mmoja kushuhudia. Aligombana na kaka yake kwa ajili ya shamba la urithi, na ugomvi wenyewe ulikuwa wa Jumanne, sisi tuko Alhamisi. Akamsifu Bwana kwa jinsi alivyomshindia. Alieleza kila neno alilotukanwa. Tuliitikia haleluya, tukaomba, tukafunga. Lakini nilipotoka nje nilijikuta namchukia yule kaka ambaye sijawahi hata kumsalimia. Na si mimi peke yangu. Chumba kizima kiliungua majani.

Nilifiwa na mume wangu mwaka 1999. Baada ya arobaini watu wakaniambia, kwa upendo kabisa, simama ushuhudie jinsi Bwana alivyokutia nguvu. Nikawaambia sijawa tayari. Wengine wakaona nimepoa kiroho. Ukweli ni kwamba nikikishika kijiti kilikuwa cha moto mno. Nilikuwa na hasira na hospitali, na hasira na mashemeji, na, Mungu anisamehe, na Mungu mwenyewe. Ningesimama siku ile ningewamwagia samadi mbichi.

Ikapita miaka minane. Jirani yangu akafiwa na mumewe, mwanamke mdogo, mtoto mgongoni. Nilikwenda na uji wa mtama kwenye chupa ya chai. Nilikuwa na sentensi tatu tu za kumwambia, na zote zilikuwa zimetulia mkononi. Mpaka leo ananiambia alizishika hizo tatu, na yaliyosemwa kwenye kipaza sauti siku ya mazishi hakumbuki hata moja.

Lakini si kila kitu kinakwenda kwenye mboji, hilo nalo niliseme haraka. Ndago, lile gugu sugu, hatuiweki. Ndago ina vile vitunguu vyake chini, vimeshikana kama shanga. Ukiing'oa juu juu uzi unakatika, na kila shanga inaota kivyake. Ukiitia kwenye lundo itatoka hai na utaisambaza shamba zima kwa mkono wako. Inachimbwa, inaanikwa juani kwenye mwamba mpaka ikauke kabisa. Na kuna makosa ya aina ya ndago: ukinunua kitu kwa hela ya kikundi cha kina mama, usikae miezi mitatu ukisema jambo unaliacha liive. Rudisha.

Naona kuna watu wanaangalia viatu vyao. Tuendelee.

Kosa langu la kwanza kazini lilikuwa la mbolea. Nimetoka chuo, nina cheti, nikawekewa shamba darasa la nyanya. Nilitaka wakulima waone tofauti. Nikaweka urea, nikarudia, nikaongeza. Jamani, nyanya zile! Majani kama msitu wa Magamba, shina nene kama kidole gumba, kijani mpaka nyeusi. Watu walitoka vijiji viwili kuja kutazama. Mzee mmoja akazunguka tuta lote, akainua majani, akaangalia chini yake, akainua tena. Akaniuliza taratibu, "Bibi shamba, hizi zitazaa lini?" Hazikuzaa. Zilitoa maua machache, yakapukutika. Nyanya ikishibishwa naitrojeni peke yake haioni sababu ya kuzaa. Inakula, inanenepa, inapendeza.

Nilicheka baadaye. Ila kuna wakati mwingine sikucheka. Kuna mwaka nilikuwa kwenye kamati ya ujenzi, kamati ya malezi, kwaya, maombi ya Jumatano, mkesha wa Ijumaa, semina ya neno la Mungu Jumamosi. Nilikuwa kijani mpaka nyeusi. Wifi yangu, nyumba yake na yangu zinatenganishwa na migomba tu, akaugua wiki mbili. Nilijua alipopelekwa hospitali ya wilaya, na aliyeniambia ni muuza maziwa. Nilipita mlangoni kwake kila siku nikienda kanisani.

Sisemi watu waache semina. Nasema yule mzee anazunguka bado, anainua majani.

Na jingine la udongo, hili ni la wazee. Mnakumbuka matuta ya Mwingereza. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliamuru watu wa milima hii walime matuta kuzuia mmomonyoko, na asiyelima aadhibiwe. Shauri lenyewe halikuwa la uongo, udongo ulikuwa unaondoka kweli. Lakini liliingia kwa fimbo. Watu wakalikataa, matuta yakaachwa, na chuki ikabaki kwenye masikio: mimi naanza kazi, miaka karibu thelathini baadaye, nikitaja tu neno "kuhifadhi udongo" mama mmoja ananiuliza kama nimekuja na askari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mradi wa kuhifadhi udongo ulipoanza tena hapa Lushoto, tulianza na majani. Tulimwambia mtu panda mistari ya gwatemala kukingama mteremko, ukate ulishe ng'ombe wako. Ng'ombe akatoa maziwa. Udongo ukajizuia nyuma ya majani wenyewe. Mwaka wa pili jirani anakuja usiku kuomba vipando. Yale yale waliyokataa kwa viboko, wanayaomba usiku kwa aibu.

Wazazi, nawaona mnavyowaleta vijana wenu Jumapili mmewashika shati. Mimi pia niliwaleta wangu hivyo hivyo. Mmoja amebaki, mwingine mpaka leo nikitaja kanisa anauliza kama nimekuja na askari.

Saa ya mzee inanitazama. Nimalizie na parachichi.

Wengi hapa sasa mmepanda parachichi za kubebesha. Mnajua inavyofanyika, lakini watoto wasikie. Unaotesha kokwa la parachichi la kienyeji kwenye kiriba, kwa sababu la kienyeji lina mizizi migumu, linajua udongo wetu. Likifika unene wa penseli, unalikata kichwa. Ndiyo, mche mzima, mzuri, wenye afya, unaukata kichwa. Unaupasua katikati kidogo. Kisha unachukua kikonyo kutoka kwenye mti mzuri, unakichonga pande mbili kama kabari, unakichomeka kwenye ule mpasuko, ile nyama ya kijani chini ya ganda igusane na mwenzake, unafunga kwa utepe wa nailoni, unakivika kifuko juu kisikauke. Unaweka kivulini, unasubiri. Baada ya wiki tatu nne, Mungu akipenda, jicho linafumbuka.

Nimefundisha hilo mara nyingi kuliko nilivyopika ugali, na nimegundua kitu ambacho hakikuwa kwenye vitabu vya chuo. Kikonyo hakiungani na shina zima. Ukikata kikonyo tu, ukakiegemeza kwenye shina ambalo halikuguswa na kisu, kitakauka kesho. Ni lazima wote wawili wawe na jeraha. Jeraha linawekwa juu ya jeraha, na maji yanapitia hapo. Siwezi tena kusoma Isaya 53, "alijeruhiwa kwa makosa yetu", bila kuona kisu changu.

Halafu Paulo, Warumi 11. Anawaambia watu wa mataifa, yaani sisi, kwamba ninyi ni mzeituni mwitu, mmepandikizwa kwenye mzeituni mwema. Mara ya kwanza nikiwa na akili ya bibi shamba nilisema: Paulo, hapo umekosea. Hatufanyi hivyo! Sisi tunachukua chema tunakiweka juu ya cha mwitu, kwa sababu tunda hufuata kikonyo, halifuati mizizi. Chukua tawi la parachichi baya ulibebeshe kwenye shina bora la duniani, utavuna parachichi baya, tena kwa wingi. Anayebebesha mwitu juu ya chema ameharibu shina na kupoteza muda. Ningemfelisha mwanafunzi.

Nikaenda mbele mistari michache, nikakuta Paulo anajua. Ameandika mwenyewe, "kinyume cha asili." Nikafunga Biblia nikakaa. Kumbe mimi kuzaa tunda jema ni jambo ambalo halipo katika kilimo. Mwenye bustani amechukua tawi la mwituni, chungu, lisilo na soko, akalitia kisu shina lake jema kwa ajili yake, na anangoja tunda la shina litokee kwenye tawi la mwitu. Hakuna bwana shamba angefanya hivyo. Na tawi lilileta nini? Halikuleta mbegu ya siku 21. Lilikuja limekatwa, linakauka. "Si wewe ulichukuaye shina, bali ni shina likuchukualo wewe."

Ndiyo maana huwa nampenda sana Mariamu Magdalene asubuhi ile ya Pasaka, macho yamevimba kwa kulia, anamwona Bwana akidhani ni mtunza bustani. Tunasema alikosea. Sina hakika sana.

Baada ya ibada kuna mnada, na kama kawaida yetu huyu jogoo atanunuliwa, atarudishwa, atanunuliwa tena, mpaka awe ghali kuliko mbuzi. Tushindane, hela ni ya paa la nyumba ya mwinjilisti, mnalijua linavyovuja. Hiyo ni sadaka, tunatoa kwa sababu tumeshapewa.

Ila pale chini ya mti wa mlangoni kuna viriba 40 vya parachichi. Nilivibebesha mwenyewe, na vyote vimeshika. Hivyo haviingii kwenye mnada. Kila nyumba ichukue kimoja, na ukiona mtu anakutajia bei, nije niambiwe. Yule kijana wa pakiti ya nyanya, kama kuna anayemfahamu, amchukulie chake.

Mkifika nyumbani msipande leo. Chimbeni shimo la futi mbili kwa futi mbili, kina futi mbili. Udongo wa juu uweke kushoto, wa chini uweke kulia, usichanganye. Acha shimo wazi wiki mbili. Ukirudishia, anza na ule wa juu pamoja na ndoo moja ya samadi iliyooza, nimesema iliyooza, na lile fundo la kubebesha libaki juu ya ardhi, usilifukie, nataka nikipita nilione.